Umerudi Mwanza mapumziko na semi? Soma hapa kabla hujaipaki mtaani

Saa 4 usiku. Umetoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Mzigo umeshusha, bosi amekupa siku 4 za kupumzika. Nyumbani ni Igoma, na watoto hawajakuona wiki 3. Umechoka, na una semi yenye urefu wa karibu mita 17. Swali ni moja tu: inalala wapi?

Wengi tunajibu hivi hivi: "Naiweka pembeni hapa, karibu na duka la jirani, si naondoka Jumatatu." Siku nyingi hakitokei kitu. Siku kikitokea, anayetafutwa ni wewe.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: nafasi tupu si maegesho. Mahali panakuwa maegesho pale penye mwenyewe aliyekuruhusu, penye mtu wa kulinda, na pasipomziba wala kumhatarisha mtu mwingine. Vitu hivyo 3 vinatafutwa kabla hujafika mjini, si saa 4 usiku ukiwa umechoka.

Kwa nini pembeni ya barabara si jibu

Tuanze na uhai. Tela lililozimwa halina taa. Vioo vyake vya kuakisi mwanga mara nyingi vimejaa vumbi au tope la safari. Bodaboda anakuja na abiria, taa ya mbele hafifu, gari la upande wa pili linammulika usoni. Hakuoni mpaka amefika. Chuma cha nyuma ya tela kiko usawa wa kifua na kichwa cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki. Hata kama hakuwa kwenye mwendo mkali, madhara ni makubwa.

Jambo kama hilo likitokea, polisi hawaanzi na bosi aliye Dar. Wanaanza na aliyeliacha gari pale. Kesi ni ya dereva, leseni ni ya dereva, na ile familia iliyofiwa inaweza kuwa ya mtaani kwako.

Pili ni wizi. Lori lililosimama siku 3 bila mlinzi linajulikana mtaa mzima. Kwanza inanyonywa dizeli kwa mpira. Halafu betri, spea tairi, turubai, mpaka taa. Mwizi hahitaji kuondoka na lori zima ili akutie hasara.

Tatu ni usalama wako mwenyewe. Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Nchini Marekani, Machi 2009, dereva mmoja wa lori alifika karibu na alipotakiwa kushusha mzigo, jimbo la South Carolina, akiwa mapema mno. Hakuwa na mahali pa kusubiri, akapaki kwenye sheli iliyokwisha kufungwa. Akaporwa na kuuawa humo humo ndani ya gari. Alichokuwa nacho mfukoni ni dola 7. Mwaka 2012 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kusukuma ujenzi wa maegesho ya malori, na watu wanaiita Sheria ya Jason, kwa jina lake. Kosa lake lilikuwa kupaki mahali palipoonekana patupu.

Sheria inasemaje, kwa lugha nyepesi

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuacha gari mahali panapoziba njia au kuhatarisha wengine. Faini ya trafiki tuliyoizoea ni Sh 30,000 kwa kosa, lakini hiyo ni faini ya kosa dogo. Mtu akiumia au kufa, habari ni nyingine.

Halafu kuna hifadhi ya barabara. Kwa utaratibu wa Sheria ya Barabara ya 2007, barabara kuu kwa kawaida ina hifadhi ya mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Barabara ya kwenda Shinyanga na ile ya kwenda Musoma ni barabara kuu, ziko chini ya TANROADS. Kwa hiyo ule uwanja wa wazi mbele ya maduka, ambao kila mtu anaupita, mara nyingi si wa mwenye duka. Ni wa barabara. Mwenye duka akikwambia "paki tu hapa, mkuu", amekupa kisicho chake.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017. Hapa kuna jambo linalowachanganya madereva. Ukilipia ushuru wa maegesho barabarani, umelipia kutumia ile nafasi kwa muda. Hujapewa ruhusa ya kulaza semi hapo siku 4, na hujakodi mlinzi. Gari likiibiwa taa, risiti ya ushuru haitakusaidia.

Juu ya hayo, halmashauri zina sheria ndogo zake kuhusu malori: wapi yaingie, wapi yasilale. Kumbuka Mwanza mjini ni halmashauri 2: Jiji la Mwanza, yaani wilaya ya Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Ukivuka mtaa unaweza kuwa umevuka mamlaka. Ulizia halmashauri ya pale unapopaki, si ya pale unapoishi.

Mtaani kwako je?

"Lakini mimi nina kiwanja changu." Sawa, kiwanja chako ni chako. Tatizo ni njia ya kufika hapo.

Mwanza ni mji wa mawe na milima. Mitaa mingi ya mlimani njia zake ni nyembamba, kona kali, nyingine zimetandikwa mawe. Zilijengwa kwa ajili ya bajaji, hiace na kenta ya mchanga. Hata semi tupu ina tani nyingi, na inapokata kona ile ekseli ya nyuma ya tela inapanda kingo na kuvunja mtaro. Mabomba ya maji yanayoingia majumbani mengi yamepita chini kidogo tu ya udongo. Nyaya za umeme nazo ziko chini. Ukipasua bomba, mtaa mzima unaamka bila maji na jina lako ndilo linatajwa.

Kuna na suala la ardhi yenyewe. Pande za Usagara, Kisesa na Misungwi kuna udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi ni mgumu kama saruji. Mvua ikinyesha usiku mmoja tu, asubuhi tairi zimezama na unatafuta gari la kukuvuta. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei. Miezi hiyo usikubali kiwanja ambacho hakina changarawe.

Na ziwani je? Pale pwani kuna upepo na nafasi, wengine wanapeleka gari huko, wanaliosha na kuliacha. Usifanye hivyo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Oili na grisi ya gari lako inaingia kwenye maji yale yale tunayokunywa na kuvulia sangara na dagaa.

Wapi pa kutafuta

Hesabu ya kwanza: karibu na nyumbani si mlangoni. Ukipata mahali salama, dakika 20 za daladala au bodaboda kutoka nyumbani, umepata.

1. Nyamhongolo, Ilemela. Stendi hii iliyo kando ya barabara ya Musoma ilijengwa pamoja na maegesho ya malori. Kwa mtu wa Igoma, Nyakato, Buzuruga au Buswelu, anzia hapa. Nenda ofisini uulize utaratibu wa kulaza gari siku kadhaa, bei, na ulinzi ukoje usiku.

2. Upande wa Shinyanga. Kama unaishi Buhongwa, Mkolani, Nyegezi au Butimba, tafuta yadi kabla hujaingia katikati ya mji. Usije na semi mpaka Mkuyuni ndipo uanze kuulizia pa kugeuzia. Na kama umetokea Shinyanga ila nyumbani ni upande wa Igoma, ipo barabara ya mchepuko ya Usagara hadi Kisesa. Inakutoa barabara ya Shinyanga mpaka ya Musoma bila kukatiza mjini.

3. Kwa mteja wako. Ulishusha kiwandani au kwenye ghala? Omba gari lilale ndani ya geti lao. Wengine watakataa, wengine watakubali kwa sababu wanakujua. Muombe meneja au msimamizi wa ghala, si mlinzi wa getini.

4. Sheli. Baadhi zina uwanja mkubwa na taa usiku kucha. Ongea na meneja. Kijana wa pampu akikukubalia usiku, asubuhi zamu imebadilika na hakuna anayekujua.

5. Gereji. Kama gari linahitaji sevisi, panga siku za mapumziko ziwe siku za gereji. Gari linalala ndani huku linatengenezwa. Ila hakikisha gereji ina uzio na mlinzi wa usiku, si fundi tu anayeondoka saa 12 jioni.

6. Kiwanja cha mtu binafsi. Huyu anaweza kuwa nafuu kuliko wote. Lakini nenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa, mkajitambulishe. "Shikamoo mwenyekiti, mimi ni dereva, gari langu litalala kwa mzee huyu mpaka Jumanne." Dakika 5 tu. Usukumani sungusungu wanajulikana tangu miaka ya 1980, na mitaa mingi ina ulinzi shirikishi. Wakijua gari ni la nani, wanalipitia kwenye doria yao. Wasipojua, hakuna anayehangaika nalo.

Kwa madereva wa njia ya Geita na Bukoba, mambo yamebadilika. Zamani foleni ya pantoni pale Kigongo iliweza kula mapumziko yako. Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lizinduliwe Juni 2025, unavuka kwa dakika chache. Maana yake unaweza kujua utafika saa ngapi, na ukapiga simu ya yadi mapema.

Maswali 7 ya kumuuliza mwenye yadi

1. Eneo hili ni la nani, na lina leseni ya biashara hii?
2. Bei ni kwa usiku au kwa saa 24? Tela lenye mzigo lina bei tofauti?
3. Mlinzi ni nani, na analinda saa ngapi mpaka saa ngapi?
4. Kuna taa? Umeme ukikatika je?
5. Kuna daftari la kuandika gari likiingia na kutoka?
6. Kitu kikipotea, nani anawajibika?
7. Nikitaka kutoka saa 10 alfajiri, nani anafungua geti?

Swali la 6 ndilo linawatoa jasho. Angalia anavyojibu. Ukiona bango la "magari yanapakiwa kwa hasara ya mwenyewe", ujue unalipia nafasi, hulipii ulinzi. Huenda bado pakafaa, ila uamue ukiwa unajua.

Kama unaweza, pita usiku mmoja kabla ya kuleta gari. Yadi ya mchana na yadi ya saa 8 usiku ni vitu viwili.

Andika, hata kwa WhatsApp

Makubaliano ya mdomo yanasahaulika haraka. Tuma ujumbe mfupi kama huu:

"Habari za leo bosi. Mimi ni dereva wa semi namba (andika ya kichwa na ya tela). Nalaza gari kwako kuanzia Ijumaa saa 1 jioni hadi Jumanne saa 11 alfajiri. Tumekubaliana (andika bei) kwa usiku. Gari halina mzigo. Tangi la dizeli liko nusu. Picha hizi hapa."

Akijibu "sawa", una ushahidi. Kisha piga picha: pande 4 za gari, tairi zote, betri, spea, geji ya dizeli, na kilomita kwenye dashibodi. Mtumie mwenye yadi, na mtumie bosi wako. Siku ya kuondoka piga tena kabla ya kuwasha. Dai risiti ya kila malipo.

Gari linalala vipi

Paki kichwa kikiangalia geti ili utoke bila kurudi nyuma. Vuta breki ya kuegesha, weka vizuizi kwenye tairi za kichwa na za tela. Breki za upepo zinaweza kuvuja ndani ya siku kadhaa, usiziamini peke yake kwenye mteremko, na Mwanza miteremko ni mingi.

Ukilazimika kuachia tela na kuondoka na kichwa, weka mbao nene chini ya miguu ya tela. Bila mbao, ardhi laini inakubali mguu mmoja kuzama na tela linalala upande. Na usidhani kichwa peke yake sasa ni gari dogo la kupeleka mtaani. Bado ni tani kadhaa.

Funga kifuniko cha tangi kwa kufuli. Ikiwezekana ingia na dizeli kidogo, jaza siku ya kuondoka. Toa nyaraka, simu na pesa. Zima swichi kuu ya betri, lakini kwanza muulize bosi, maana huenda inakata na kifaa cha kufuatilia gari.

Utingo wako naye ana kwao. Usimwache alinde gari siku 4 peke yake kwa ahadi ya soda. Kama analala ndani ya kabini kwa makubaliano na malipo, mwambie jambo moja kwa msisitizo: asiingize jiko la mkaa ndani, hata kama kuna baridi ya ziwani. Moshi wake usioonekana unaua mtu akiwa usingizini.

Mizigo ambayo huendi nayo nyumbani

Mzigo wa nje ya nchi wenye lakiri ya TRA. Mzigo wa Rwanda, Burundi, Uganda au Congo una njia yake iliyopangwa, na lakiri ya kielektroniki inaonyesha uko wapi. Ukikata kona kuja Mwanza kusalimia, hata kama nia ni njema, kwa TRA unaonekana unataka kuushusha mzigo humu nchini. Maliza safari kwanza.

Mafuta na gesi. Tanki la petroli halilali mtaani, wala jirani na mama lishe na moto wake. Na tanki "tupu" si tupu, limebaki na mvuke unaoweza kulipuka. Hatujasahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, zaidi ya watu 100 wakafariki. Ile ilikuwa ajali ya barabarani, lakini mafuta ni yale yale popote yalipo.

Mzigo wa baridi kama samaki. Mashine ya baridi inanguruma usiku kucha na inahitaji mtu wa kuiangalia. Shusha kwanza, pumzika baadaye.

Nani alipe?

Hapa ndipo ugomvi ulipo. Madereva wengi wanapaki bure kwa sababu bosi hakutoa hela ya yadi, na mfukoni imebaki posho ya chakula.

Mpelekee bosi hesabu. Huu ni mfano tu: yadi ikitoza Sh 5,000 kwa usiku, siku 4 ni Sh 20,000. Mwizi akinyonya lita 60, na tuseme lita moja ni Sh 2,800, hiyo ni Sh 168,000. Hapo hujagusa betri, tairi, wala siku gari linakaa bila kazi.

Mwambie pia asome bima yake. Bima ndogo, ile ya kufidia wengine, hailipi gari lako likiibiwa. Bima kubwa ina masharti, na mojawapo linaweza kuhusu mahali gari lilipoachwa. Hela ya yadi iingizwe kwenye gharama za safari kabla hujaondoka Dar, kama zinavyoingizwa dizeli na mizani. Ukiomba ukiwa tayari Mwanza, umechelewa.

Ukikuta limefungwa mnyororo

Umeamka, tairi ina mnyororo na karatasi kwenye kioo. Usiukate. Soma karatasi: ni ya nani, kosa gani, kiasi gani. Muombe mhusika kitambulisho kwa heshima. Malipo ya serikali yanalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia simu au benki, na risiti inatoka. Anayekwambia "nipe mkononi tuyamalize" hakusaidii. Kesho atakuja mwingine, na huna cha kumwonyesha. Kama unaona umeonewa, piga picha gari lilivyokaa, chukua risiti, nenda ofisini kwao saa za kazi.

Kabla hujaondoka na safari ijayo

Fanya jambo moja tu wiki hii. Ukiwa bado nyumbani, bila gari, tembelea sehemu 2 au 3 za karibu, uliza yale maswali 7, hifadhi namba zao kwenye simu. Safari ijayo, ukifika Shinyanga, piga: "Mzee, natia leo saa 3 usiku, niwekee nafasi."

Ukifika, unapaki, unapiga picha, unapanda boda. Watoto wanakukuta hujachoka na kelele za dirishani. Na yule bodaboda anayerudi kwake usiku kwenye barabara ya Igoma naye anafika salama, kwa sababu tela lako halipo njiani.